Kuelewa ni Kusimama Kati
Somo juu ya neno la Kiingereza "understand", kwa familia zilizohama na viongozi wao



Katika mikutano ya kambini kuna swali moja linaloulizwa mwishoni karibu kila mara: "Tumeelewana?" Watu wote hujibu kwa pamoja: "Ndiyo!" Kisha mkutano unafungwa kwa maombi na kila mtu anakwenda kwake. Lakini njiani utasikia mama mmoja akimwuliza mwenzake: "Eti walisema orodha itaandikwa siku gani?" Na mwenzake anajibu: "Hata mimi sikusikia vizuri, dada. Nilisema ndiyo kama wengine."

Kumbe hatukuelewana. Tuliitikia tu.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini madhara yake ni makubwa. Familia inakosa msaada kwa sababu haikuelewa siku ya kuandikishwa. Watu wanakubali kurudi kijijini bila kuelezwa kwamba shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Kiongozi anatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, na baadaye watu wake wanamwuliza: "Papa, ulitukubalia nini?"

Karatasi nyingi za namna hiyo, zinapoletwa na mashirika ya kimataifa, huwa na kichwa cha Kiingereza: "Memorandum of Understanding". Kwa Kiswahili tunasema Hati ya Maelewano. Ndani ya kichwa hicho kuna neno "understand", maana yake kuelewa. Tumelichagua neno hilo kuwa somo letu, kwa sababu historia yake inafundisha jambo linalotuhusu sana sisi tunaotafuta amani.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza neno hili lilitoka wapi na lina picha gani ndani yake;
- kulilinganisha na maneno ya Kifaransa na Kiswahili tunayoyatumia kila siku;
- kutofautisha kuelewa, kukubali na kusamehe;
- kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia sahihi hati yoyote kwa niaba ya wengine.

1. Neno lenyewe

Neno "understand" limeunganishwa kwa maneno mawili. La kwanza ni "under". La pili ni "stand", yaani kusimama.

Kila aliyejifunza Kiingereza kidogo shuleni anajua kwamba "under" ni "chini ya". Kitabu kiko chini ya meza, mtoto yuko chini ya mti. Ndiyo maana walimu wengi wa semina hufundisha kwamba kuelewa ni "kusimama chini" ya mtu, yaani kujinyenyekeza. Fundisho hilo ni zuri, maana mwenye kiburi haelewi kitu. Lakini wataalamu wengi wa historia ya lugha wanaona kwamba asili ya neno siyo hiyo.

Neno hili ni la zamani sana. Lilikuwamo tayari katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, kwa sura ya "understandan". Wakati huo "under" haikuwa na maana ya "chini" peke yake. Ilikuwa pia na maana ya "kati" au "miongoni mwa". Ni ndugu wa neno la Kilatini "inter", ambalo limezaa neno la Kifaransa "entre", yaani "kati ya". Ni ndugu pia wa neno "antar" katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye maana hiyo hiyo. Hata leo Mjerumani akisema "unter Freunden" hamaanishi "chini ya marafiki", bali "miongoni mwa marafiki".

Kwa hiyo "understand", kwa asili yake, huenda ni kusimama kati. Ni kusimama ndani ya jambo, miongoni mwa watu wanaohusika nalo, mahali ambapo mtu anaweza kuliona kwa karibu na kutoka pande zote.

Tuitazame picha hiyo vizuri. Anayetazama kutoka mbali, juu ya mlima, anaona moshi tu. Aliye kando ya barabara anaona watu wakipita na mizigo. Lakini aliyesimama kati yao anajua nani amemwacha mgonjwa nyuma, nani amebeba mtoto asiye wake, na nani hajala tangu jana. Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno la Kiingereza na methali ya Kiswahili vinafundisha jambo moja: kuelewa kunategemea mahali ulipo.

2. Mfalme aliyekimbia

Mmoja wa watu wa zamani walioliandika neno hili alikuwa kiongozi aliyewahi kukimbia vita. Jina lake ni Alfred, mfalme wa Wessex, kusini mwa nchi ambayo leo ni Uingereza. Alitawala tangu mwaka 871 mpaka alipofariki mwaka 899.

Katika miaka hiyo majeshi ya Wadenmaki yalikuja kwa merikebu, yakachoma makanisa na vijiji, yakateka falme za jirani moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 878, katikati ya majira ya baridi, walishambulia mji wa Chippenham kwa ghafula. Alfred alikimbia na watu wachache, akajificha katika nchi ya vinamasi ya Somerset, mahali panapoitwa Athelney. Huko mfalme aliishi kama mtu aliyehamishwa na vita, hana uhakika wa chakula wala wa kesho. Mwezi wa Mei mwaka huo aliwakusanya watu wake, akapigana na jeshi la Guthrum, mkuu wa Wadenmaki, huko Edington, akashinda.

Angeweza kulipiza kisasi. Badala yake alifanya mapatano. Guthrum alibatizwa, na Alfred mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Baadaye, kabla Guthrum hajafa mwaka 890, wawili hao waliandika mkataba ambao maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo. Mkataba huo ulitaja mpaka kwa majina ya mito, ili kila mtu ajue nchi ya nani inaishia wapi. Uliweka pia kwamba fidia ya damu ya Mwingereza na ya Mdenmaki wa cheo kinacholingana iwe sawa. Uliagiza kwamba wanaotaka kuuziana ng'ombe na mali nyingine watoe dhamana ya amani. Na walioapa waliapa kwa ajili ya watu wao wote, waliokuwa hai na ambao walikuwa bado hawajazaliwa.

Tusidanganyane: amani hiyo haikuwa kamilifu. Mwaka 885 Wadenmaki wa upande wa mashariki waliivunja, na ilibidi kazi ianze tena. Wenye kazi ya upatanishi wanalijua jambo hilo. Mkataba uliovunjika hauonyeshi kwamba mapatano hayana faida. Unaonyesha kwamba maelewano yanahitaji kutunzwa.

Basi, vita vilipotulia, Alfred alitazama nchi yake akaona hasara ambayo haikuonekana kwa macho. Watu walikuwa wamepoteza elimu. Katika barua aliyowaandikia maaskofu wake alisikitika kwamba alipoanza kutawala, ni wachache sana waliobaki ambao waliweza kuelewa kwa Kiingereza maana ya ibada walizoziongoza. Kwa neno hilo "kuelewa" alitumia lile lile "understandan". Dawa aliyoitoa ilikuwa kutafsiri. Vitabu ambavyo watu wote wanahitaji kuvijua vihamishwe kutoka Kilatini kuja katika lugha ambayo watu wote wanaifahamu. Yeye mwenyewe alishiriki katika kazi hiyo.

Hapo tunajifunza kwamba kujenga upya baada ya vita si mabati na misumari peke yake. Ni pia kuhakikisha kwamba mtu wa kawaida anaelewa maneno yanayosemwa juu yake.

3. Lugha ya wakubwa na lugha ya watu

Miaka mingi baadaye, mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Wakubwa wa nchi wakasema Kifaransa, na Kifaransa kikaingia katika ofisi na mahakama. Maneno mengi ya utawala katika Kiingereza cha leo yalitoka huko. Hata "peace", yaani amani, ni neno lililokuja na Kifaransa. Lakini "understand" lilibaki midomoni mwa watu. Wakulima hawakuliacha.

Hali hiyo ya lugha mbili ilileta matatizo ambayo sisi wa Kongo tunayajua. Mkulima aliitwa mahakamani, mawakili wakajibizana kwa Kifaransa, hukumu ikatolewa, naye akatoka bila kujua ameshinda au ameshindwa. Mwaka 1362, wakati wa mfalme Edward wa Tatu, sheria ilitolewa ili kesi zisemwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotajwa ni kwamba watu walikuwa hawaelewi yale yaliyosemwa kwa ajili yao au dhidi yao. Cha kushangaza, sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Mazoea ya ofisi hayafi kwa siku moja.

Kwetu pia haki hiyo imeandikwa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema kwamba mtu akikamatwa ni lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na aelezwe katika lugha anayoielewa. Na kifungu cha 1 kinataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kwa hiyo anayesema mkutanoni, "Tafadhali mtueleze kwa Kiswahili," hafanyi fujo wala haonyeshi ujinga. Anaomba jambo la haki.

4. Ndugu wa neno hili katika lugha zetu

Kifaransa kina maneno mawili yanayofaa kulinganishwa na neno letu.

La kwanza ni "comprendre". Asili yake ni Kilatini, na picha yake ni kushika vitu kwa pamoja, kama mtu anayekusanya kuni zilizotawanyika akazifunga mzigo mmoja.

La pili ni "entendre", kusikia. Asili yake ni kujinyoosha kuelekea kitu. Mtu anayesikiliza kweli huinama kidogo kumwelekea anayesema. Kutokana na neno hilo tuna "entente", yaani mapatano, na "malentendu", yaani kutoelewana.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Hapa Kongo mtu akitaka kujua kama unaelewa lugha fulani atakuuliza: "Unasikia Kifaransa?" Na kijiji chenye amani tunasema watu wake wanasikilizana, au kuna masikilizano. Kusikilizana ni kusikia kwa zamu: mimi nakusikia wewe, na wewe unanisikia mimi. Mmoja akisema peke yake mchana kutwa hayo si masikilizano, hata kama wote wamekaa kimya.

Neno "kuelewa" nalo lina jamaa zake. Limetokana na "kuelea", kwa maana ya jambo kuwa wazi kwa mtu. Wazee husema "maneno yako yamenielea", yaani yamekuwa wazi kwangu. Kutokana na shina hilo tuna "kueleza", yaani kulifanya jambo liwe wazi, na "maelezo". Tena tuna "kuelewana" na "maelewano". Maelezo na maelewano ni watoto wa mama mmoja. Anayetaka maelewano bila kutoa maelezo anataka kuvuna asipopanda.

Angalieni pia jambo moja zuri. Katika lugha hizi tatu, neno la kuelewa limezaa neno la amani. Kwa Kiingereza "understanding" ni akili ya kuelewa, na tena ni mapatano. Kwa Kifaransa kuna "entendre" na "entente". Kwa Kiswahili kuna kuelewa na maelewano. Watu wa nchi tofauti kabisa waliona kwamba hakuna mapatano pasipo kuelewa.

5. Msimamo na hitaji

Kiswahili kina neno lingine linalotokana na kusimama: "msimamo". Katika kila ugomvi kila upande una msimamo wake. Wamarekani wawili, Roger Fisher na William Ury, walifundisha katika kitabu chao cha mwaka 1981, Getting to Yes, kwamba wapatanishi wasiishie kwenye misimamo. Watafute mahitaji yaliyo nyuma ya misimamo. Msimamo ni kile mtu anachosema anakitaka. Hitaji ni sababu inayomfanya akitake.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kuna bomba la maji kati ya kijiji na kambi. Wenyeji wanasema: "Maji ni ya kijiji. Tulikuwa hapa kabla yao." Waliohama wanasema: "Bomba lililetwa kwa ajili yetu. Kabla hatujaja hapakuwa na bomba." Hiyo ni misimamo miwili. Ukibaki nayo, utapata kelele, kisha mawe.

Prezida wa kamati ya kambi na chifu wa kijiji wangeweza kuandikiana barua kutoka nyumbani kwao. Lakini wakaamua kwenda kusimama penye bomba, pamoja, asubuhi tatu mfululizo kabla ya jua kutoka. Walichukua na mama wawili, mmoja wa kila upande.

Waliona nini? Waliona kwamba wenyeji wanahitaji maji mapema kwa sababu mashamba yao yako mbali na lazima waondoke alfajiri. Waliona kwamba njia ya kutoka kambini inapita katikati ya shamba la maharagi, na nusu ya maharagi yamekanyagwa. Hapo wakajua hasira ya mwenye shamba inatoka wapi. Upande wa pili waliona wasichana wa kambini wakija gizani ili wawahi foleni. Mama wa kambini akasema: "Chifu, si maji yanayoniamsha usiku. Ni hofu ya binti yangu njiani."

Hakuna aliyeyasema hayo katika mkutano. Mkutanoni walisema "maji ni yetu". Ilibidi viongozi wasimame kati, mahali penye bidoni na tope, ndipo wakaelewa. Baada ya hapo mapatano hayakuwa magumu sana: saa ya wenyeji na saa ya kambi zikapangwa, hakuna mtoto kuchota kabla ya mwanga, njia mpya ikakatwa pembeni mwa shamba, na vijana wa pande zote mbili wakasaidia kupanda upya maharagi.

Tunaona kwamba kusimama kati siyo kukaa katikati bila kusema kitu, wala siyo kugawanya kila jambo nusu kwa nusu. Ni kusogea kutoka mahali ulipozoea kusimama, ili uone kile ambacho huwezi kukiona ukiwa upande wako tu.

6. Kuelewa si kukubali, wala si kusamehe

Hapa tuseme wazi, maana wengi wetu tuna vidonda.

Mtu ambaye nyumba yake ilichomwa akiambiwa "jaribu kumwelewa mwenzako", anaweza kusikia kama anaambiwa "usahau, unyamaze". Sivyo. Daktari anauelewa ugonjwa, na hamaanishi kwamba anaupenda. Anauelewa ili auzuie usirudi. Vivyo hivyo, kuelewa kwa nini vijana wa kijiji fulani waliingia katika kundi la silaha hakumaanishi kwamba walichofanya kilikuwa sawa. Kunatusaidia kujua la kufanya ili wadogo zao wasiwafuate.

Kusamehe ni jambo la moyo wa aliyeumizwa. Hakuna kiongozi, shirika wala semina yenye haki ya kumsamehe mkosaji kwa niaba yake. Na haki ya mahakama inabaki pale pale. Alfred na Guthrum walielewana, lakini walichora mpaka na wakaweka fidia ya damu. Hawakujifanya kwamba hakuna aliyekufa.

Tena, kusimama kati kusiwe mtego. Usimlete mtu aliyeumizwa mbele ya aliyemwumiza kabla ya yeye mwenyewe kutaka na kabla ya kuhakikisha usalama wake. Kazi ya kusimama kati ni ya mpatanishi kwanza. Yeye aende upande huu, asikilize. Aende upande ule, asikilize. Wanaoumia wasibebeshwe mzigo huo peke yao.

7. Kabla ya kutia sahihi

Turudi kwenye zile karatasi. Hati ya Maelewano ina maana tu kama maelewano yametangulia. Sahihi haileti maelewano; inayashuhudia.

Haki ya kuelezwa haitoki katika ukarimu wa mtu. Kanuni za Mwongozo kuhusu Wakimbizi wa Ndani, zilizotolewa katika Umoja wa Mataifa mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 28 kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba waliohama washiriki kikamilifu katika kupanga kurudi kwao au kuhamia kwao mahali pengine. Kanuni ya 7 inataja hasa wanawake kati ya watu wanaopaswa kushirikishwa wakati wa kupanga kuhamishwa. Nao Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika mwaka 2012, unasema katika kifungu cha 11 kwamba nchi ziwawezeshe waliohama kuchagua kwa uhuru na kwa kufahamishwa: kurudi, kubaki walipo, au kuhamia kwingine.

Kwa hiyo, kiongozi, kabla ya kutia sahihi jiulize:

- Je, hati imesomwa kwa sauti, yote, katika lugha ya watu wangu?
- Je, mtu asiye katika kamati anaweza kuirudia kwa maneno yake mwenyewe?
- Nani hakuwapo? Wajane? Walemavu? Vijana? Wenyeji waliotupokea?
- Hati inaahidi nini, nani atafanya, na lini?
- Ahadi isipotimizwa tutamwendea nani?
- Je, tutabaki na nakala, na itatunzwa wapi?

Kama jibu la swali moja halijulikani, sema bila kuona haya: "Mheshimiwa, tunashukuru kwa hati hii. Tupeni siku tatu tuielewe." Anayekutakia mema hatakasirika.

Zoezi la kufanya pamoja (dakika 45)

Gawanyikeni wawili wawili, ikiwezekana mmoja wa kambi na mmoja wa kijiji. Wa kwanza aeleze kwa dakika tano jambo moja linalomsumbua katika kuishi pamoja. Wa pili asijibu, asijitetee. Akimaliza, wa pili arudie: "Nimesikia kwamba unasema..." Kisha aulize: "Ndivyo?" Kama sivyo, wa kwanza aeleze tena mpaka aweze kusema: "Ndiyo, umenielewa." Halafu mbadilishane. Mwishoni, kila mmoja aliambie kundi jambo moja ambalo hakulijua kabla ya kukaa na mwenzake, kama mwenzake amekubali lisemwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kumbuka siku uliyosema "ndiyo" mkutanoni bila kuelewa. Ni nini kilikuzuia kuuliza?
2. Katika ugomvi ulio karibu nanyi sasa, misimamo ni ipi? Mahitaji yaliyo nyuma yake ni yapi?
3. Ni mahali gani ambapo viongozi wenu wanapaswa kwenda kusimama, lakini hawajawahi kufika?
4. Kuna tofauti gani kati ya kumwelewa mtu na kumsamehe? Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa aliyeumizwa?
5. Katika lugha ya nyumbani kwenu, "kuelewa" husemwaje? Neno hilo lina picha gani ndani yake?

Jambo la kukumbuka

Mkutano ujao, badala ya kuuliza "Tumeelewana?", mwenyekiti amchague mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, amwulize kwa heshima: "Mama, ukifika nyumbani utawaambia nini watoto juu ya haya tuliyosema?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mkutano umekwisha au bado. Na kama bado, mwenyekiti asione aibu kutoka mbele, aende asimame kule nyuma kati ya watu, aeleze tena.